Sura ya Tano: Maji ya Rejeta

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakikodolea macho, kisha akakiinua juu ili Sajini naye akione. Oili ilikuwa nyeupe na nzito, chai ya maziwa kabisa.

"Haya, umeona mwenyewe," alisema. "Gasketi ya hedi imekwenda. Maji yameingia kwenye oili, oili imeingia kwenye maji. Hapa hakuna cha kubahatisha."

"Imekwenda lini?"

"Aa, hilo muulize mwenye gari. Mimi nimeletewa jana mchana, linavutwa na lori la mchanga, na mwenyewe kanuna huyo hasemezeki."

Mwenye gari ndiye aliyemkosesha Sajini usingizi. Alikuwa shemeji yake, mkandarasi wa majengo, mume wa mdogo wake wa kike ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga kizazi cha mama yao. Kitinda hakuwa ameonekana tangu juzi. Mumewe alisema alimpeleka stendi, akapanda basi kwenda kwa shangazi. Shangazi alisema hajaona mtu. Na kesho asubuhi Kitinda alitakiwa kusimama mahakamani aeleze aliyoyasikia kwa masikio yake nyumbani: kwamba Mkandarasi alijua ukuta wa shule umepasuka, akaupaka rangi hivyo hivyo, mpaka ulipowaangukia watoto wa watu.

Sajini alikuwa ameyapeleka yote hayo kwa mkuu wa kituo. Mkuu alimsikiliza huku anakoroga chai. "Huyo ni mtu mzima, ana miguu yake," alimjibu. "Halafu wewe ni kaka mtu. Kaa mbali na jambo hili mpaka nikuite." Kwa hiyo alikuja gereji bila sare, bila karatasi ya kumruhusu kugusa hata kifuniko cha tairi. Tusizunguke mbuyu: mtu huyu alikuwa anaogopa. Miaka yote ya kazi alikuwa amewahoji wezi na wauaji bila kupepesa jicho, lakini leo kila simu ilipolia aliitazama mara mbili kabla ya kuipokea.

Hakuja peke yake. Kwenye benchi chini ya bati alikaa Koplo, msichana wa kituo chake aliyekuwa mapumzikoni, amevaa gauni la maua na kujifanya anasubiri breki za gari lake zitazamwe. Koplo alikuwa amekuja kwa hiari yake. Alisema tu, "Afande, mimi nina dada pia."

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, kitambaa kichwani, ovaroli imekatwa mikono. Watu walimwita Mama Spana, naye jina hilo lilimkaa vizuri. Alikuwa na ulimi wa mzaha, lakini leo mzaha wenyewe ulikuwa unatoka kwa kusukumwa. Kiwanja cha gereji kilikuwa mali ya Mkandarasi.

"Sasa ugonjwa huu unatibiwaje?" Sajini aliuliza.

"Njia ni mbili. Ya kwanza, naifungua hedi yote, hiki kichwa cha juu cha injini, naipeleka kwa mchongaji atazame kama imepinda, anainyoosha, nafunga gasketi mpya. Hiyo leo haiishi, hata tukikesha. Ya pili ni hii." Alichukua kopo dogo juu ya meza ya vifaa na kulitikisa. "Dawa ya kuziba. Unaosha rejeta, unamwaga dawa, unawasha injini, inajitafutia ufa yenyewe. Ikishika, unaondoka. Inaweza kukufikisha unakokwenda, inaweza kukutupa hapo kona. Mimi siipendi, nakwambia ukweli. Ni kumpa mgonjwa wa tumbo pipi."

"Na mwenyewe ametaka ipi?"

"Dawa! Kanipigia asubuhi hii mpaka simu imepata moto. Osha rejeta, mwaga kila kitu, tia dawa, nakuja kulichukua. Nikamwambia bosi, hedi hii ifunguliwe. Akanigombeza."

"Huwa anapenda njia za mkato kwenye gari?"

Mama Spana alifikiri. "Hapo ndipo niliposhangaa. Huyu bwana gari likikohoa tu anataka kifaa kipya, kikiwa bado kwenye boksi. Hata balbu ya mtumba haikubali."

Sajini alilizunguka gari. Tairi zilikuwa na udongo mweusi uliokauka, ulioganda mpaka kwenye fenda. Barabara kuu ilikuwa ya lami, na mvua haikuwa imenyesha mjini. Aliutia udongo kidogo kwenye karatasi ya sigara. Mtu aliyezoea kifaa kipya ndani ya boksi sasa anataka dawa ya kopo, tena leo. Ana mahali pa kwenda kabla ya kesho, na hataki kwenda na gari la mtu mwingine wala dereva mwingine.

Kwenda kufanya nini? Kama Kitinda yu hai, kwenda kummaliza. Kama amekufa, kwenda kumwondoa. Sajini aliyapima mawazo hayo mawili, kisha akamgeukia fundi.

"Rejeta umeshaiosha?"

"Bado. Ndiyo nilikuwa naanza."

"Maji yaliyomo usiyamwage mtaroni."

"Wee! Mimi siku zote namwaga kwenye ndoo, naweka pembeni. Na kifaa kibovu nikikitoa nakiweka. Mteja akija asinambie nimemwibia. Namwonyesha: haya baba, ugonjwa wako huu hapa, uangalie kwa macho yako." Alivuta ndoo nyeupe ya rangi, akaingia chini ya gari. "Na haya maji nayajua, yatatoka kijani. Dawa ya kupoza niliitia kwa mkono wangu mwenyewe."

Alilegeza kizibo cha chini. Hakikutoka kitu. Alichokonoa kwa waya, bado. Akaguna, akalegeza kibano cha mpira mkubwa wa maji wa chini, akauvuta mpaka ukachomoka.

Maji yalitoka kwa kishindo. Hayakuwa ya kijani. Yalikuwa meupe, mazito, yamechanganyika na matone ya oili, na yalipokaribia kwisha kitu cheusi kililegea ndani ya mpira, kikadondokea ndooni.

Lilikuwa bonge la nywele.

"Mungu wangu!" Mama Spana alijivuta nyuma kwa makalio mpaka akagonga kichwa kwenye bampa. "Mungu wangu, baba, nini hiki?"

Sajini alipiga magoti. Mwezi uliopita Kitinda alikuwa amenyoa nywele zake ndefu, zikabaki fupi kama ncha ya kidole, na wakamtania nyumbani kwamba sasa amekuwa mdogo wao wa kiume. Na nywele hizi zilikuwa fupi.

"Labda panya," Mama Spana alisema haraka. "Panya wanaingia kwenye injini, mimi nimewahi kumtoa mmoja na watoto wake. Niambie ni panya, afande. Tafadhali niambie hivyo."

Sajini alitia mkono ndooni. Alilitoa bonge, akalitandaza juu ya kifuniko cha ndoo na kulitenganisha kwa njiti ya kiberiti, taratibu, jinsi alivyofundishwa. Koplo alikuwa ameshasimama nyuma yake.

"Afande, nipe mimi nitazame."

"Niache." Alisogeza kifuniko kwenye mwanga. "Angalia rangi. Hizi nyeusi. Hizi za kahawia. Na hizi hapa ni nyeupe kabisa. Kichwa kimoja hakiwi na rangi zote hizi."

"Na zimenyooka," Koplo alisema. "Ngumu. Zote urefu mmoja."

"Hazikukatwa pia. Ncha zote zimechongoka. Zimeng'oka zenyewe." Alisugua yale maji meupe kati ya vidole. Yalikuwa na mchanga laini, na ngozi ilianza kuwasha. Kwenye kidole kilichotangulia kukauka palibaki unga mweupe. Akaunusa.

Harufu ile aliijua kabla hajajua kusoma. Ilikuwa inaingia nyumbani kila jioni ndani ya shati la baba, na mama alikuwa anaifukuza kwa malimau bila mafanikio, na Kitinda mdogo alikuwa anaziba pua na kukimbilia kwa jirani mpaka mzee aoge.

"Chokaa," alisema. "Chokaa ya kuloweka ngozi. Haya ni manyoya ya ng'ombe. Ngozi mbichi inatiwa kwenye shimo la chokaa mpaka manyoya yalegee yatoke. Baba yetu alifanya kazi hiyo mpaka kiwanda kilipofungwa."

"Kile cha bondeni?" Mama Spana alifuta jasho kwa kiganja, akajipaka oili usoni. "Si kimekufa kile?"

"Kimekufa. Lakini mashimo yapo, yana maji ya mvua, na chokaa imelala chini. Nani amepewa kazi ya kukibomoa?"

Mama Spana aliinua kidole tu kulionyesha gari.

Basi mambo yakaanza kukaa kwenye mstari. Mkandarasi ana funguo za geti. Gari lilichemsha kule bondeni ambako hakuna bomba. Akateka maji kwenye shimo la karibu bila kutazama anateka nini.

"Alifungua kifuniko cha rejeta likiwa bado la moto," Sajini alisema. "Jana nilimkuta nyumbani kwake mkono umefungwa bendeji. Akasema ni chai."

"Na akamwaga maji ya baridi kwenye chuma chenye moto!" Fundi ndani ya Mama Spana aliamka kwa hasira. "Hapo ndipo alipoiua. Hedi lazima ilipinda pale pale. Kisha akalikokota hivyo hivyo mpaka barabarani likamfia. Lakini mimi kuna kitu kinanikera. Mpira wa juu una tundu dogo, maji yalikuwa yanapungua kidogo kidogo. Gari halichemshi ghafla hivyo. Mshale wa joto pale mbele unapanda polepole, unamtazama dereva usoni, mpaka unafika kwenye nyekundu. Kipofu peke yake ndiye asiyeuona. Huyu bwana macho yake yalikuwa wapi?"

Simu ya Mama Spana iliita juu ya meza, na wote watatu wakaruka.

"Ndiyo bosi... Ndiyo... Sawa bosi." Alikata. Rangi ilikuwa imemtoka. "Ameshashuka kwenye teksi hapo barabarani. Anakuja kwa miguu. Sasa nifanye nini? Dawa au hedi? Niambie haraka, mwenzio natetemeka."

Hilo ndilo lilikuwa swali, na Sajini alikuwa na muda wa mtu kutembea kutoka barabarani.

"Ukitia dawa ikashika?"

"Anapanda anaondoka."

"Nitamfuata." Wazo hilo akalitupilia mbali mwenyewe. "Hapana. Barabara ya bondeni ni tupu, haina gari jingine. Ataniona, na akiniona sijui atafanya nini. Ukifungua hedi?"

"Akiona hedi iko chini atajua gari halitoki leo."

"Atakodi pikipiki. Ataacha kuogopa kuonekana. Atafika kabla yangu." Sajini alijishika kichwa. "Nataka akae hapa. Akae anangoja kwa matumaini, na gari lisiondoke."

Mama Spana alitazama bati la gereji yake, meza yake, nguzo za chuma alizozisimamisha kwa jasho lake kwenye ardhi ya mtu mwingine.

"Afande, watoto wangu wanakula hapa," alisema. "Yule akijua nimemgeuka, kesho vitu vyangu viko barabarani."

"Najua. Siwezi kukulazimisha. Hata kazini hawajui niko hapa."

Kulikuwa na sauti ya viatu kwenye kokoto za nje. Mama Spana alitupa tambara juu ya ndoo, akaisukuma kwa mguu chini ya meza, na akaongea kwa kunong'ona, harakaharaka.

"Sikiliza. Nitamwambia dawa haishiki mpaka nikaze bolti za hedi kwanza. Zipo nyingi, zinakazwa kwa zamu, kidogo kidogo. Nitakuwa nalegeza. Mtu aliyekaa benchini atajuaje spana inakwenda upande gani? Nikimaliza, hilo gari halitoki hapa hata likiombewa dua. Haya nenda, kabla sijabadili mawazo!"

Mkandarasi aliingia akiwa na shati safi, miwani ya jua, bendeji mpya. Alipomwona Sajini alisita hatua moja tu. Halafu akatabasamu kwa meno yote.

"Shemeji! Na wewe gari limekusaliti?"

"Nimekuja kukutafuta wewe. Nyumbani hukuwepo. Kitinda kapiga simu?"

"Hajapiga. Mdogo wako unamjua, akinuna kanuna. Na shangazi yenu naye siku hizi kumbukumbu imempungukia, usimsikilize sana."

"Mkono unaendeleaje?"

"Unapona. Chai bwana, chai hii itaniua."

"Pole. Na gari lilikuchemshia wapi?"

"Barabara kuu. Karibu na kituo cha mafuta." Alikuwa anamtazama Mama Spana, hamtazami yeye. "Vijana wa pampu wakanipa maji."

"Ya bomba?"

Mkandarasi alivua miwani. "Maji ya bomba, shemeji. Kwani yapo mengine?"

"Nauliza tu. Kazi imeshaniharibu, nauliza hata watoto wangu."

Wakacheka wote wawili.

"Fundi, rejeta umeiosha?" Mkandarasi aliuliza.

"Imeshang'aa, bosi."

"Maji umemwaga wapi?"

"Si mtaroni hapo."

Mkandarasi aligeuza shingo akautazama mtaro. Mtaro ulikuwa mkavu, una vumbi na maganda ya ndizi. Sajini aliuona ukavu ule pamoja naye. Mkono wa Mkandarasi usiokuwa na bendeji ulijikunja taratibu.

"Mbona pakavu?"

"Bosi, na jua hili?" Mama Spana alikuwa ameshapanda kwenye bampa, mgongo amewapa, spana ndefu mkononi. "Mimi jasho langu tangu asubuhi halijafika chini, linakaukia kiunoni. Wewe unataka mtaro uwe na bahari? Kaa hapo benchini upoe. Nakaza bolti za hedi, kisha natia dawa, unawasha mwenyewe unaondoka."

"Itachukua muda gani?"

"Ukinikalisha kwa maswali, mpaka jioni. Ukiniacha, sasa hivi tu."

Koplo alisogea kwenye benchi kumpisha nafasi, akatabasamu kama mtu aliyechoka kungoja. "Karibu kaka. Mafundi wote lugha yao moja. Mimi niliambiwa sasa hivi tu tangu kumekucha." Mkandarasi alicheka kidogo na akakaa. Bolti ya kwanza ililia kwa mkwaruzo.

Sajini aliaga. Alisema anakwenda stendi kuwauliza makondakta. Aliona mabega ya shemeji yake yakishuka kwa nafuu aliposikia neno stendi. Alitembea mpaka nje ya geti bila kukimbia, akaingia kwenye gari lake, na funguo zikamwanguka mara mbili kabla hajaweza kuwasha.

Barabara ya bondeni iliacha lami baada ya madaraja ya reli, ikawa udongo mweusi ule ule. Palipokuwa na dimbwi palikuwa na alama za tairi, zimeingia, zimetoka. Sajini aliendesha huku anaongea peke yake. Alimwambia Kitinda angoje. Alimwambia yuko njiani. Kisha akaogopa kwamba anaongea na maiti, akanyamaza.

Geti la kiwanda lilikuwa na mnyororo mpya. Aliliacha gari hapo na kupenya pale ukuta ulipobomoka. Ndani palikuwa na mashimo ya kuloweka ngozi, safu kwa safu, ya saruji, mapana, yamejaa maji meupe yaliyolala. Kando ya shimo la kwanza alikuta kopo la rangi lililokatwa juu, na mburuzo wa maji uliokauka ukabaki unga mweupe kuelekea mahali gari lilipokuwa limesimama. Hapo ndipo alipoteka.

Lakini mashimo yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa na kina cha kumzidi mtu. Sajini alisimama ukingoni mwa la kwanza, akashindwa kutazama chini. Aliokota ufito mrefu, akauzamisha, akafumba macho na kupapasa chini. Chokaa, manyoya, mawe. La pili, hivyo hivyo. Kwenye la tatu ufito uligusa kitu laini kilichorudi nyuma, na Sajini akapiga ukelele ambao angeona aibu kuusikia kwa mtu mwingine. Kilikuwa kipande cha ngozi kuukuu.

Alipoinua uso ndipo alipouona mlango wa stoo ya chokaa. Milango yote ya kiwanda ilikuwa imeng'olewa na wezi wa mbao. Huu peke yake ulikuwepo, na ulikuwa na kufuli linalong'aa.

"Kitinda!"

Kimya.

"Kitinda! Ni mimi, kaka yako!"

Kimya. Hata ndege hakulia. Alichukua jiwe akalipiga kufuli, likakataa, akalipiga tena na tena mpaka kitasa chenyewe kikang'oka na ubao. Ndani kulikuwa na giza na vumbi lililomkaba. Aliingiza mguu, na kitu kilipita karibu na sikio lake, kikagonga fremu ya mlango kwa nguvu na kumwaga vipande.

Tofali. Na nyuma ya tofali mikono miwili myeupe kwa chokaa, imeinuliwa kutafuta jingine, na kichwa kilichonyolewa.

"Kitinda, ni mimi! Ni mimi, mama, acha!"

Kitinda alisimama hivyo hivyo, anahema, anatazama. Midomo ilikuwa imepasuka. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na alama ya kamba aliyoitafuna mwenyewe. Alimtazama kaka yake usoni kwa muda mrefu, kisha akashusha mikono na kumwangukia, na Sajini akamshika, wote wawili wakakaa chini mlangoni. Sajini alilia kwa sauti. Hakujizuia na hakuona sababu ya kujizuia.

"Nilikuita, kwa nini hukuitika?" alimuuliza alipoweza kusema.

"Nilisikia gari." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nikajua limepona, amerudi. Hata uliposema ni wewe, nilidhani ni masikio yangu. Siku zote hizi yananidanganya."

Alimnywesha maji kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo. Simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa Koplo, anaongea chini chini.

"Afande, ameanza kuuliza uliza. Amesimama mara mbili. Fundi amebakiza bolti moja."

"Ninaye," Sajini alisema. "Yu hai. Mfunge pingu, nitampigia mkuu mwenyewe. Na mwambie Mama Spana aiinue hedi, amwonyeshe bwana ugonjwa wake."

Alisikia Koplo akivuta pumzi, kisha benchi likianguka, sauti ya mwanamume ikifoka, na juu ya yote sauti ya Mama Spana ikisema, "Tulia bosi, tulia, spana hii ni nzito!" Simu ikakatika.

Kitinda alikuwa amelaza kichwa begani kwake. Mkono wake ulikuwa haujaliachia shati la kaka yake.

"Ni gari lililokuonyesha?" aliuliza.

"Gari. Alitia maji ya mashimo haya kwenye rejeta. Harufu ya baba." Sajini alifuta chokaa kwenye paji la uso wa mdogo wake. "Fundi anashangaa mpaka sasa. Anasema mshale wa joto ulipanda polepole mpaka kwenye nyekundu, na dereva hakuuona. Anauliza macho yake yalikuwa wapi."

Kitinda alitazama alama ya kamba mkononi mwake.

"Nilikaa mbele, mikono imefungwa," alisema. "Niliuona ulipoanza kupanda, hata lami hatujaiacha. Nikajua akiuona tu atasimama, atatia maji, atafika nami popote anapotaka. Nikaanza kumtukana. Nilimtukana yeye, nikamtukana mama yake, nikamtukana kila ukuta aliowahi kujenga. Alinipiga, nikaendelea. Niliogopa kaka, niliogopa mpaka nikajikojolea, lakini sikunyamaza hata kidogo."

Aliinua uso akamtazama.

"Mwambie fundi macho yake nilikuwa nayo mimi."